Posa Ikitoka kwa Mtu wa Bara: Kuambizana Ukweli Kuhusu Ubaguzi Pwani ya Kenya

Ukitaka kujua mtu anambagua nani, usimwulize kama yeye ni mbaguzi. Atakataa, tena kwa moyo safi. Mwulize hivi: ni nani akikuletea posa ya binti yako utaanza kutafuta udhuru? Hapo wengi wetu hunyamaza na kutazama kikombe cha kahawa.

Kijitabu hiki ni cha familia za Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu. Matamshi ya chuki yana sheria yake: Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 imeweka faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Lakini askari hakai nawe jikoni unapomwonya mwanao asicheze na watoto wa jirani.

Maneno tuliyoyarithi

Tunamsifu mtu kuwa ni mstaarabu. Asili ya neno hilo ni kujifananisha na Waarabu, na kinyume chake alikuwa mshenzi, mtu wa bara. Anayesema "fanya ustaarabu" leo hakusudii kumtukana Mgiriama, na hatumwambii aliache neno. Ila mizani ile ya zamani bado tunaitumia. Nywele za singa ni "nzuri", za kipilipili ni "ngumu". Mtoto akizaliwa, tunamtazama masikio tujue atakuwa mweusi kiasi gani. Nasi tulioandika haya tumeyatazama hayo masikio.

Utumwa ulikoma kutambuliwa na sheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Kabla ya hapo, mwaka 1875, wamisheni walikuwa wameanzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, iwe makazi ya waliokombolewa. Vizazi vimepita, lakini posa ikija, bado kuna shangazi atakayenong'ona: "Huyo asili yake mnaijua?"

Aliyedharauliwa naye hudharau. Mtu ambaye makaburi ya bibi zake yako Lamu huambiwa arudi Omani, na jirani aliyezaliwa Changamwe huitwa "wa kuja". Agosti 1997 maneno ya namna hiyo yaligeuka mapanga Likoni: zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakahama. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa orodha ya maneno ya chuki Aprili 2022, "wabara waende kwao" lilikuwemo.

Ami yako akilisema barazani

Ami anasema, "Hawa wabara wametumalizia kazi bandarini. Waende kwao!" Ukicheka, umemuunga mkono. Ukimwita mbaguzi mbele ya wazee wenzake, atatetea heshima yake hadi adhuhuri na lile neno litasahaulika. Mngoje. Msindikize nyumbani, kisha umwambie yaliyokukuta wewe: "Ami, lile neno la asubuhi, wanangu walilisikia. Mama yao ni wa Kitui. Wameniuliza kama wao pia waende kwao." Halafu nyamaza, umwache ajibu.

Huenda akajibu kwa kulalamikia kazi, au mashamba ambayo watu wamekalia miaka mingi bila hati. Msikilize, maana malalamiko hayo yana ukweli wake, na kuyapuuza ni kumfungia mlango. Kisha muulizane: hati za mashamba zilitolewa na nani, na kazi zinagawanywa na nani? Sio mama wa bara anayeuza mboga sokoni.

Ukiwa ndiwe uliyesema na sasa unaambiwa, usikimbilie kusema ulikuwa unatania. Utani una kanuni: mtani hurudisha. Ikiwa mwenzio hawezi kukujibu kwa uzito uleule pasi na kuhofia kazi yake au chumba alichopanga, huo si utani. Sema "nimekukosea" bila kuongeza "lakini".

Turudi kwenye posa. Ikiwa umeikataa kwa sababu ya kabila, rangi au asili ya mtu, usisingizie nyota kutokubaliana, wala masomo ya binti. Mwambie sababu yenyewe, kwa jina lake. Wako wazazi ambao, wakishaisikia ikitoka kinywani mwao wenyewe, huomba siku mbili wafikiri tena.