Vyuma Havimwotishi Mwanamke Ndevu

Dada au mama anayetaka kuanza kunyanyua vyuma hakosi wa kumtisha: utaota ndevu, utajaa kifua kama baunsa. Si kweli. Homoni inayompa mwanamume ndevu na misuli minene ni testosteroni. Mwanamke naye anayo, lakini kidogo. Mwanamume humzidi mara 10 hadi 20 hivi, na hakuna zoezi linaloziba pengo hilo. Ukiona nywele zinaota kidevuni na hedhi inarukaruka, usivilaumu vyuma, kamwone daktari.

Kuna wanaonyanyua mzigo mzito mara 5 tu, kisha wanapumzika dakika 3. Wengine hunyanyua wa wastani mara 10 na kupumzika dakika 1, misuli ikiwaka moto. Damu ya mwanamke ikipimwa mara baada ya mazoezi, mtindo huu wa pili ndio unaopandisha zaidi homoni ya ukuaji. Testosteroni haisogei sana. Walimu wa jimu hupenda kuusifia mpando huo, ila hushuka baada ya muda mfupi, na si huo unaojenga misuli. Misuli hujengwa na mzigo, chakula na usingizi. Basi chagua mtindo utakaodumu nao.

Nyumbani dumu linatosha. La lita 5 likijaa maji lina kilo 5. Likumbatie kifuani, chuchumaa taratibu kama unayekalia kigoda, nyayo zote zikiwa chini, kisha simama. Fanya mara 10, pumzika, rudia. Mara 2 za mwisho zikuchoshe hasa. Zikiwa nyepesi, hamia dumu la lita 10. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki.

Aliyekoma hedhi ana sababu zaidi ya kuanza. Homoni ya estrojeni ikishuka, mifupa hupungua nguvu, na mzigo unaoongezwa hatua kwa hatua husaidia kuitunza. Misuli inayofanya kazi pia huvuta sukari kutoka kwenye damu, na homoni ya insulini hufanya kazi vizuri zaidi.

Mjamzito, aliyejifungua karibuni au mwenye shinikizo la damu aulize kwanza kituo cha afya. Usishikilie pumzi unaponyanyua. Na wewe unayejinyima kula ili upungue haraka huku ukifanya mazoezi makali: hedhi ikikosekana miezi 3, huenda mwili umepunguza homoni za uzazi kwa kukosa chakula, au una mimba. Nenda ukapimwe.