SOMO: KUANZA KAZI YA MRATIBU WA SHUGHULI MTAANI

Vijana wa Kayole, Dandora na Umoja hutuuliza mara kwa mara: "Nina Form Four tu, naweza kuwa mratibu wa shughuli za vijana?" Kuanza unaweza, lakini usianze kwa kutafuta ofisi.

Anza kwa kusikiliza. Kwa majuma mawili hivi kaa pale watu walipo: uwanjani, kwa kinyozi, kwenye foleni ya maji. Uliza wanakosa nini na wako huru saa ngapi. Asiyejua kwamba wasichana huteka maji saa kumi jioni atapanga netiboli saa hiyo hiyo, halafu aseme wasichana ni wavivu!

Tutazame Mathare. Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada, alianzisha na vijana wa huko chama cha michezo cha MYSA. Kandanda ilikuwepo tayari, watoto wakicheza na mipira ya karatasi za nailoni. Kilichokosekana ni ratiba na wa kuisimamia. Tena ligi ikaunganishwa na usafi: timu ikizoa takataka na kuzibua mitaro hupata pointi sita, nyingi kuliko za kushinda mechi. Vijana wenyewe ndio marefa, makocha na wanakamati. Mratibu anayefanya yote peke yake bado hajaanza kuratibu.

Nunua daftari. Andika tarehe, waliofika, pesa zilizoingia na kutoka. Mwajiri akiuliza umefanya nini, utamfungulia. Diploma ya kazi za jamii itafuata. Cheti cha tabia njema cha polisi kitafute mapema, maana utakabidhiwa watoto wa wenyewe.

Sasa neno gumu. Tumeona vijana wakiendesha shughuli za parokia miaka mitatu bila hata nauli, wakiambiwa Mungu atawalipa. Siku moja kijana anapata kibarua Industrial Area, haonekani tena, na watoto wanakuta ukumbi umefungwa. Kwa hiyo kabla ya kupokea ufunguo, andikianeni: siku ngapi kwa wiki, nauli italipwa na nani, na baada ya miezi mingapi mtaketi tena kuzungumzia malipo. Father akisita, peleka jambo kwa baraza la parokia. Huko si kukosa heshima.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo:
1. Hapa kwetu nani anajitolea, na tangu lini?
2. Nauli yake inatoka wapi?