Mdogo Wangu, Sponji Ile Usiioshe Bombani

Njoo ukae hapa karibu, mdogo wangu. Najua umepata tangi jipya. Najua ulivyolipokea mlangoni, ukalifuta vumbi kwa pindo la khanga, ukalisogeza ukutani, kisha ukarudi nyuma kulitazama. Futi nne za kioo kitupu! Na najua unachotaka kufanya Jumamosi hii, kwa sababu dada yako alikifanya kabla yako.

Nilikuwa na samaki wa dhahabu wanne kwenye kitangi cha lita 50. Walikuwa wamekua mpaka wakigeuka mikia inagusa kioo, nikawaonea huruma. Nilipopata tangi la lita 240 nikasema leo wanangu wanahamia jumba. Nikatoa mawe nikayasugua kwa brashi. Nikaikamua sponji ya filta chini ya bomba mpaka ikatoa maji meupe pee. Maji ya zamani yalikuwa na rangi ya chai iliyopoa, nikayamwaga yote uani. Jioni tangi liling'aa hata majirani wakaja kuchungulia. Jumatatu asubuhi nikawakuta wote juu, midomo nje ya maji, wanahema kama waliokimbizwa, na matamvua yamewaiva kwa wekundu. Jumatano alikuwa amebaki mmoja. Yule mkubwa nilimtoa kwa mikono yangu, bado ana rangi yake yote, na nililia, sikufichi. Wiki nzima nilijiuliza ni ugonjwa gani ule.

Haukuwa ugonjwa. Ulikuwa usafi wangu. Sisi tumelelewa kwamba nyumba ya mtu ndiyo sura yake, ukihamia mahali unadeki kwanza, unachoma na ubani. Samaki hana habari hiyo. Yeye anakula, anajisaidia na anapumua ndani ya maji yale yale, na matamvuani mwake mnatoka sumu iitwayo amonia usiku na mchana. Kinachomwokoa ni bakteria wadogo wasioonekana. Wako wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wako wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao hawaelei majini kwa wingi. Wanashika mahali: kwenye ule ute wa mawe, kwenye mchanga, na hasa kwenye sponji ya filta, ile inayokutia kinyaa. Tangi jipya likianza bila hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuwapata wa kutosha. Samaki wangu hawakuwa na wiki 6. Walikuwa na siku 4.

Kwa hiyo nisikilize vizuri hapa, maana nitalirudia. Usiache mbachao kwa msala upitao. Filta yako ya zamani ihame na samaki, na ihame ikiwa mbichi. Kama tangi jipya lina filta yake kubwa, ziendeshe zote mbili pamoja kwa mwezi mmoja au zaidi, au ichukue sponji ya zamani uipachike ndani ya filta mpya. Ikiwa imejaa matope kiasi cha kuziba, ikamue mara mbili tatu ndani ya ndoo ya maji ya tangi la zamani, basi. Bomba usiliguse: klorini iliyowekwa kuua vijidudu vya kutuletea kipindupindu huwaua na hao watumishi wako. Na usiiache juani wala kwenye beseni kavu ukaenda kupika. Ikikauka, imekufa.

Haya, tuje kwenye tangi lenyewe kabla hujatia maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 50 hubeba lita 240. Ongeza kioo, ongeza mchanga, unakaribia kilo 300. Huo ni uzito wa watu wazima wanne au watano wamekaa juu ya kabati lako la vyombo masaa 24. Tengeneza stendi ya chuma au mbao nene, sakafu iwe sawa, na mbali na dirisha, maana jua likilipiga mchanga wako utaota ukijani kila wiki. Na ukishalijaza usilisogeze hata kidogo. Mshono wa gundi ukiachia, maji yakimwagika hayazoleki, mdogo wangu, na sebule nzima itakwenda nayo.

Sasa mchanga. Wengi mmeniuliza kama ni bora kuliko kokoto. Kwa samaki wa dhahabu mimi nasema ndiyo, na sababu yangu utaiona mwenyewe: watoe kwenye kokoto, watie kwenye mchanga, kaa na kiti chako utazame. Anainama, anachota mchanga mdomo mzima, anautafuna kama bibi mwenye tambuu, anatema uliobaki kama wingu dogo, anasogea, anachota tena. Ndivyo alivyoumbwa, kutafuta riziki yake chini. Kokoto huweza kumkwama mdomoni, na mabaki ya chakula huzama katikati ya kokoto yakaoza usipoona.

Lakini si kila mchanga. Chukua mchanga wa mto, uliochekechwa, usio na saruji wala udongo mfinyanzi. Wa ufukweni uache ufukweni, una chumvi na vipande vya magamba na matumbawe vinavyoyafanya maji kuwa na magadi. Kama una shaka, weka kiganja cha mchanga mkavu kwenye bakuli uudondoshee siki. Ukichemka povu kama soda, una chokaa ndani yake, haumfai samaki wa kawaida. Ila hapa nakupa na kinyume chake: kama unafuga samaki wa Ziwa Tanganyika au wa Ziwa Nyasa, mchanga wa namna hiyo, ukiukosha chumvi ikaisha, ndio wanaoupenda, kwa sababu maji ya maziwa hayo yenyewe yana magadi. Pale Tanganyika wako visamaki vidogo kuliko kidole chako vinavyoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Vinachimba mchanga kwa midomo mpaka gamba linazama, vikalala humo na kuzalia humo. Hivyo ukivipa mchanga wa sentimita mbili umevinyima nyumba. Wengine sentimita 3 au 4 zinawatosha, na kwa tangi nililokutajia hiyo ni kama kilo 30.

Utaukosha kidogo kidogo, ndoo robo, unatia maji, unakoroga kwa mkono, unamwaga maji machafu, kama unavyokosha mchele wenye vumbi. Mara kumi, mara kumi na tano. Utachoka. Usiseme basi inatosha wakati maji bado ni maziwa, kwa sababu vumbi hilo utaliona wiki nzima ndani ya tangi. Sabuni isisogee kabisa, hata tone. Ukishatandaza, weka sahani juu ya mchanga na umimine maji taratibu juu ya sahani hiyo. Usipofanya hivyo utachimba shimo na kuinua tufani.

Na ule mchanga wa tangi la zamani, je? Hapa ndipo huruma inapowaponza wengi. Unasema nitauhamisha wote, si una wale bakteria? Una bakteria, na chini yake una uchafu wa mwaka mzima uliolala. Ukiuchota na kuumwaga tangi jipya, umeiamsha amonia yote kwa mpigo. Chota kikombe kimoja au viwili vya juu, vifunge ndani ya soksi safi ya nailoni, uilaze karibu na filta kwa wiki chache. Huo unatosha kuwa mbegu.

Siku ya kuhama usiwalishe, na siku iliyotangulia pia usiwalishe. Samaki mwenye tumbo tupu hachafui ndoo. Usinitazame hivyo, hawafi njaa. Maji mapya yawe yamekaa kwenye madumu au ndoo wazi siku moja au mbili ili klorini iondoke, ukiweza tia pampu ya hewa. Au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa maduka ya samaki. Toa kwanza mawe yote kwenye tangi la zamani, ndipo uingize wavu; kumfukuza samaki katikati ya mawe ni kumvua magamba. Nusu ya maji ya zamani, yale ya juu yasiyovurugwa, yahame nao. Waweke kwenye ndoo yenye maji yao, ifunike kwa kawa au kitambaa kwa sababu wanaruka, na usiiache juani. Joto letu la pwani unalijua: maji yakipata moto hewa inapungua, na samaki wanne kwenye ndoo ndogo wanaimaliza upesi.

Usiwamimine. Acha ndoo ndogo au mfuko uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika 20 joto lilingane, kisha kila baada ya dakika tano watilie kikombe kimoja cha maji mapya, mpaka saa ipite. Ndipo uwatoe kwa wavu, taa zimezimwa, na watoto umewaambia wakacheze nje. Kawia ufike. Usiku ule watajikunja pembeni, rangi itafifia, utatamani kuwatupia chakula wachangamke. Ngoja kesho, na kesho uwape kidogo sana, kile watakachomaliza kwa dakika mbili.

Pengine siku ya tatu maji yatakuwa na ukungu mweupe kama maji ya mchele. Moyo utakudunda. Na wengi wenu hapo ndipo mnapomwaga kila kitu na kuanza upya, mkawaua waliokuwa wanapona. Ukungu ule kwa kawaida ni bakteria wanaozaliana, hujisafisha wenyewe siku chache. Nunua vijiti vya kupimia maji, amonia na nitriti zisome sifuri. Zikipanda, badilisha robo ya maji au hata nusu kwa maji yaliyokaa, punguza chakula, na filta usiiguse. Unaona nilivyoirudia tena sponji? Nitairudia mpaka niingie kaburini.

Baada ya hapo kazi ni ya kila wiki, tena nyepesi. Uchafu kwenye mchanga haudidimii kama kwenye kokoto, unakaa juu. Zima filta na chomoa waya kabisa kabla hujatia mkono, kwanza kwa usalama wako, pili kwa sababu mchanga ukipaa na kuvutwa ndani unasaga moyo wa mashine. Chukua mpira, uujaze maji kwa kuuzamisha kwenye ndoo badala ya kunyonya kwa mdomo, upitishe sentimita mbili tatu juu ya mchanga huku mkono wako ukipunga maji polepole uchafu uinuke. Mchanga ukianza kupanda, bana mpira kidogo, utarudi. Toa robo ya maji, rudisha yaliyokaa.

Mchanga ulio chini ya mawe mazito ndio unaonitisha. Usipoguswa miezi unakosa hewa, unageuka mweusi, na ukiufukua unatoa harufu ya yai viza. Harufu hiyo ni sumu kwa samaki. Kila wiki chukua kijiti cha mishikaki, uchome na kupapasa sehemu moja, wiki ijayo sehemu nyingine. Kamwe usiupindue wote siku moja kwa hasira. Ukishakuta weusi mwingi, watoe samaki kwanza.

Utaniambia nimesikia konokono wanachimba mchanga, nitawaokota mtaroni. Hapana! Hilo nakukataza kabisa. Konokono wa mitaro na mabwawa yetu ndio wanaobeba kichocho. Usiwalete sebuleni kwa watoto, na usiingie kwenye bwawa miguu mitupu kuchota mchanga. Mchanga utakaoupata, uanike juani ukauke kau kabla hujautumia.

Yule mmoja aliyenibakia alikaa kimya pembeni karibu wiki mbili. Nilikuwa nikiamka usiku kumtazama kwa tochi, nimeifunika kwa vidole nisimtishe. Mwenzangu mmoja mfugaji alinipa kipande cha sponji yake, nyeusi, inayonuka matope, imefungwa ndani ya mfuko wa maji, nikaipokea kama niliyepewa dhahabu. Asubuhi moja nikasikia kitu kama mvua nyepesi kwenye kioo. Alikuwa ameinama kule pembeni, anachota mchanga na kuutema, na tayari alikuwa amechimba kishimo cha upana wa kisahani cha chai.

Kama sponji yako umeshaianika, mdogo wangu, usikae kulia. Acha samaki kwenye tangi la zamani wiki hizo 6, filta mpya ifanye kazi humo humo pamoja nao. Jumba litawasubiri.