Habari Ziwafikie

Wasomaji wetu walio watu wazima wanaikumbuka saa ile ambayo Radio Tanzania Dar es Salaam ilisoma matangazo ya vifo. Nyumba nzima ilinyamaza, hata watoto walikatazwa kukohoa. Mtangazaji alimtaja marehemu na mahali alipofia, akamtaja mwenye kusikitika, kisha yakafuata majina: habari ziwafikie fulani wa Tabora, fulani wa Songea, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Maneno hayo, habari ziwafikie, yalikuwa na uzito. Wafiwa walijua kwamba wako watu walio mbali wenye haki ya kulia pamoja nao, na kwamba wasipopewa habari wamedhulumiwa.

Juma hili twataka kuzungumza juu ya watu ambao siku hizi hawamo kabisa katika orodha hiyo. Twawasema rafiki wa mtandaoni, na hasa wale wa muda mrefu. Katika nyumba nyingi yumo mtu, kijana au mzee, ambaye kila asubuhi kabla ya chai huchukua simu na kumwuliza mtu wa mji mwingine, au wa nchi nyingine, ameamkaje. Wamezungumza hivyo miaka kumi au zaidi. Huyu ajua mtoto wa yule aliota jino lini. Yule ajua kwamba mvua ya huku imechelewa na kwamba goti la mwenzake lauma wakati wa baridi. Hawajapata kuonana uso kwa uso. Wenyeji wa nyumba huwaita "hao watu wako wa simu", na jina hilo hutamkwa kwa dharau kidogo, kana kwamba watu hao hutoweka simu izimwapo.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Kabla ya kompyuta kuenea walikuwapo watuma salamu. Mtu alinunua kadi, akaandika majina ya wale awasalimuo, akaipeleka redioni, nayo ikasomwa hewani. Wengi walijipa majina ya utani, na wasikilizaji wa Tanzania na Kenya wakawajua kwa majina hayo. Baadaye wakaunda vyama, wakatembeleana, wakachangiana katika arusi na misiba. Hatukusikia mtu akisema kwamba urafiki wao ni wa uongo kwa kuwa ulizaliwa redioni, ijapokuwa wako akina mama walionung'unika kwamba fedha ya sukari imekwisha kwa kadi.

Kilichobadilika ni wepesi. Mwezi wa Julai 2009 waya wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulianza kazi katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki; kabla yake intaneti ya huku ilitegemea zaidi setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka huo huo WhatsApp ilianzishwa huko Marekani, na mwaka 2011 ikawezekana watu kuzungumza humo katika kundi. Barua iliyokuwa ikienda kwa majuma sasa yafika kabla mwandishi hajaiweka simu chini.

Basi tuna kisa kimoja cha kweli ambacho chafaa kisomwe nyumbani, wazazi na watoto pamoja. Kilitokea Norwei, kaskazini ya Ulaya, nacho kilijulikana katika nchi nyingi, hata mwaka 2024 ikatoka filamu iliyotengenezwa na Benjamin Ree juu yake.

Mats Steen alizaliwa mwaka 1989. Alikuwa na ugonjwa uitwao Duchenne, ambao huwapata hasa wavulana na kuidhoofisha misuli kidogo kidogo. Mtoto huanza kuanguka-anguka, kisha hushindwa kutembea, kisha mikono hulegea, na mwisho ugonjwa hufika kwenye pumzi na moyo. Mats alikaa katika kiti cha magurudumu tangu utotoni. Alipokuwa mtu mzima nguvu zilizosalia zilikuwa zaidi katika vidole, na kwa vidole hivyo alicheza katika kompyuta mchezo uitwao World of Warcraft. Katika mchezo huo watu wa nchi nyingi huingia pamoja katika nchi ya kubuni, kila mmoja akiwa na mtu wake wa kubuni, nao hutembea, husaidiana na kuandikiana maneno. Mtu wa Mats aliitwa Ibelin, mtu hodari mwenye miguu ya kukimbia. Yakadiriwa kwamba katika miaka kumi ya mwisho wa maisha yake alicheza saa kati ya 15,000 na 20,000. Tukigawanya, twapata karibu saa za mfanyakazi aendaye kazini kila siku.

Wazazi wake walimpenda na kumtunza. Lakini kila walipomtazama waliona mtoto aliyefungiwa chumbani, mapazia yamefungwa mchana, ambaye hatakuwa na rafiki, hatapenda wala kupendwa, hatamfaa mtu yeyote. Huzuni hiyo waliibeba muda mrefu. Mats alikufa mwezi wa Novemba 2014, akiwa na umri wa miaka 25.

Tuseme kwamba wangemzika kimya, wakaifunga kompyuta ile na kuitia kabatini. Nani angewalaumu? Hawakujua kwamba yuko mtu wa kuarifiwa. Lakini Mats alikuwa na ukurasa wake katika intaneti alimoandika habari za maisha yake, na neno la siri la kuufungulia wazazi walikuwa nalo. Wakaandika humo kwamba mwana wao amefariki, wakaongeza anwani yao ya barua pepe kwa mtu atakaye kuwaandikia.

Barua zikaanza kuja. Ilikuja moja, ikaja nyingine, kisha zikawa nyingi, nazo hazikuwa za maneno mawili ya pole. Watu walieleza kwa urefu jinsi Mats alivyowasikiliza usiku walipokuwa na majonzi. Msichana wa Uholanzi alieleza kwamba wazazi wake walipomnyang'anya kompyuta, Mats aliwaandikia wazazi hao barua kumwombea. Mama mmoja wa Denmark aliyekuwa na mwana ambaye ni vigumu kumkaribia alisema kwamba Mats ndiye aliyemwonyesha njia ya kumfikia mwanawe kupitia mchezo ule ule. Kwa miaka mingi rafiki hao hawakujua kwamba yeye mwenyewe hawezi kusimama. Siku ya mazishi baadhi yao walisafiri kutoka Denmark, Uholanzi, Ufini na Uingereza, wakasimama mbele ya jeneza la mtu ambaye hawajapata kumshika mkono, na mmoja wao akasema machache kwa niaba ya wenzake.

Sisi twaona kwamba kosa la wazazi wale, kama laweza kuitwa kosa, ni la wazazi wengi wa huku. Walihesabu saa. Walijua mtoto amelala saa ngapi na amekaa mbele ya kompyuta muda gani, lakini majina ya watu aliokuwa nao hawakuyajua. Baba wa kwetu akimwona bintiye ameinamia simu husema, "Weka simu hiyo chini," naye huenda ana haki, maana vyombo havijaoshwa. Ni mara chache asemapo, "Mwanangu, leo ulikuwa ukizungumza na nani? Hajambo huyo? Mama yake amepona?" Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo hujibu, na siku jina jipya litakapozuka mwenye nyumba atalisikia.

Na majina mapya yapo ya kutisha. Hatuwi watoto wachanga; kila mwenye simu Tanzania amepata ujumbe wa mtu asiyemjua amwambiaye "ile pesa tuma kwenye namba hii". Wako wajiitao wachumba, wako wajiitao wafanya biashara, na watu wazima wameuza mashamba kwa ajili yao. Lakini tapeli ana haraka. Juma la pili amekwisha kutaja fedha, juma la tatu ataka picha au siri. Yule aliyekaa miaka minane akiuliza habari za goti lako, bila kukuomba hata shilingi, si haki kumweka katika kapu moja naye.

Turudi kwa wafiwa. Mathalani mzee wa nyumba amefariki, naye alikuwa na wenzake aliosoma nao, wametawanyika Mwanza, Nairobi na Muscat, wakizungumza katika simu kila siku. Jamaa waizima simu ili betri isiharibike. Wale wenzake huuliza siku ya kwanza, huuliza siku ya pili, kisha hudhani wamemkosea. Baada ya siku 120 bila kutumiwa, WhatsApp hufuta akaunti. Laini isiyotumika hufungwa na kampuni ya simu, na nambari yaweza kupewa mtu mwingine. Rafiki akipiga mwakani ataitikiwa na kijana asiyemjua, naye hataambiwa neno.

Yafaa basi kila mtu mwenye rafiki wa namna hii aandike katika karatasi majina yao matatu au manne, yaani majina halisi pamoja na yale wanayojiita, na njia ya kuwapata, aiweke pamoja na hati za nyumba. Si lazima atoe siri zake zote, majina yatosha. Tena kampuni zenyewe zimefikiri jambo hili: tangu 2013 Google humruhusu mtu kuchagua watu watakaoarifiwa akaunti yake ikikaa kimya miezi kadhaa, na tangu 2015 Facebook humruhusu kumtaja mtu wa kuangalia ukurasa wake baada ya kufa. Kijana wa nyumba aweza kumfanyia babu yake kazi hiyo jioni moja.

Nao wafiwa wasiikate laini ya marehemu mara tu baada ya matanga. Ikae walau miezi mitatu, na mtu mmoja wa nyumba apewe kazi ya kujibu. Lakini tahadhari: ujumbe utokao katika nambari ya marehemu humshtua apokeaye, maana laona jina lake jicho kabla halijasoma habari. Kwa hiyo mwenye kujibu aanze na jina lake: "Shikamoo mzee. Mimi ni Anna, binti wa rafiki yako, naandika kwa simu yake." Kisha amwambie habari.