Kabla ya Kutangaza Usiku wa Taarabu Dubai

Mara nyingi bango la WhatsApp ndilo hutangulia: picha ya mwimbaji, jina la hoteli ya Deira, kiingilio, namba ya simu. Kibali kitafuatiliwa baadaye. Kwa Dubai huko ni kujitafutia kesi, maana onyesho la hadhara halitangazwi wala tiketi zake haziuzwi kabla ya kibali kutoka.

Anayekitoa ni Idara ya Uchumi na Utalii, iliyoundwa Novemba 2021 kwa kuunganisha idara mbili. Wakaazi wa siku nyingi bado huiita DTCM, jina la ile ya utalii. Maombi hupelekwa kwa mtandao, na hapo ndipo wengi hukwama: mtu binafsi haombi. Huomba kampuni yenye leseni ya shughuli hizo, na ukumbi nao uwe na leseni yake. Kwa hiyo usianze na msanii. Anza na meneja wa ukumbi, umuulize waziwazi ni nani atakayeomba, kwa jina la kampuni gani, na gharama ni ya nani. Akikujibu "lete tu watu, hayo mengine tutayamaliza", tafuta ukumbi mwingine.

Kibali hutaja ukumbi, tarehe na wasanii. Msanii aliyeingia kwa viza ya matembezi hana ruhusa ya kupanda jukwaani kwa sababu tu viza anayo. Jina lake lazima lipelekwe pamoja na nakala ya pasipoti. Sisi tuna mazoea yetu: mwimbaji maarufu akionekana mezani anaitwa apande "atuimbie kimoja tu". Hicho kimoja hakimo kwenye kibali, na atakayeulizwa ni mwandalizi. Tiketi nazo huuzwa kupitia mfumo unaotambuliwa na idara, si daftari na mhuri mlangoni. Shughuli ikiwa kubwa, polisi na zimamoto nao wana neno lao.

Kalenda isisahaulike. Ramadhani muziki wa jukwaani hubanwa sana. Msiba wa taifa nao hauna miadi: Rais wa nchi, Sheikh Khalifa, alipofariki tarehe 13 Mei 2022 zilitangazwa siku 40 za maombolezo. Mkataba na ukumbi useme mapema malipo ya awali yatarudishwaje.

Msanii anayetoka Tanzania Bara anahitaji pia ridhaa ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) kabla ya kusafiri, na wa Zanzibar aulize baraza la huko, BASSFU. Tusiwachukulie kwa wepesi: Desemba 2018 BASATA iliwafungia Diamond Platnumz na Rayvanny kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi kwa sababu ya wimbo mmoja, ingawa adhabu iliondolewa mwezi uliofuata.

Lililo zito kuliko yote ni mchango. Kupitisha bahasha ukumbini ili kusafirisha maiti nyumbani, kwetu ni utu, lakini tangu amri namba 9 ya 2015 ukusanyaji wa michango Dubai unahitaji idhini ya Idara ya Masuala ya Kiislamu na Kazi za Hisani, na kundi la WhatsApp halisalimiki. Ukifikwa na msiba, nenda kwanza ubalozini, kisha kwenye taasisi ya hisani iliyosajiliwa. Tamasha na mchango visichanganywe.