Milioni mbili za mgodini hubaki ngapi?

Vijiweni Kahama, Kakola na Geita mjini, mshahara hutajwa kwa namba moja tu: laki nane, milioni na nusu, milioni mbili. Ni nadra mtu kuuliza kama hizo ni kabla ya makato au baada yake, zinalipwa kwa saa ngapi za kazi, na mkataba unakwisha lini. Katika ukanda wa dhahabu maswali hayo yana uzito kuliko kwingineko, kwa sababu hapa mgodi huja na kuondoka ndani ya umri wa mtu mmoja. Majibu yaliyo hapa chini yanafuata sheria za kazi na kodi za Tanzania, na historia ya migodi yenyewe.

Sheria inataka mfanyakazi wa mgodini alipwe angalau kiasi gani?

Inategemea leseni ya mwajiri. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha shilingi 500,000 kwa mwezi kwa kampuni zenye leseni za uchimbaji na utafiti wa madini, na 300,000 kwa wenye leseni ndogo. Wanaoajiriwa na wafanyabiashara wakubwa wa madini walipangiwa 450,000, na wa madalali 250,000. Amri mpya imeanza Januari 2026, na imepandisha wastani wa kima cha chini katika sekta binafsi kutoka 275,060 hadi 358,322. Mwenye mkataba wa zamani hana budi kuutazama upya kwa jedwali jipya la sekta yake.

Pengo la laki mbili ambalo amri ya 2022 iliweka kati ya leseni kubwa na leseni ndogo lilikuwa na hoja yake: uwezo wa mwajiri. Lakini anayepasua mwamba Nyarugusu kwa mwenye leseni ndogo ananunua mchele sokoni kwa bei ileile anayolipa mwenzake wa mgodi mkubwa, na vumbi anavuta zaidi. Uwezo wa mwajiri umehesabiwa. Mahitaji ya mfanyakazi hayajahesabiwa kwa uzito huohuo.

Mtu akiandikiwa milioni mbili, anapokea ngapi?

Kwanza inatoka asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, yaani 200,000. Mwajiri naye anaongeza 10 yake juu, bila kumgusa mfanyakazi. Kodi ya mshahara, PAYE, inakokotolewa kwenye 1,800,000 iliyobaki. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi, kisha asilimia hupanda kwa ngazi, 8, 20, 25, na kila kinachozidi milioni moja hukatwa 30. Hapo kodi inafika 368,000, na mkononi inabaki 1,432,000.

Kama mhusika alisoma chuo kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ikiwa milioni mbili zote ni msingi, hiyo ni laki tatu nyingine. Mhandisi kijana anayesifiwa kijiweni kwa milioni mbili zake anarudi nyumbani na 1,132,000.

Kwa anayelipwa 500,000 hesabu ni nyepesi: NSSF 50,000, kodi 14,400, mkononi 435,600. Shilingi 64,400 zimekwisha kuondoka kabla ya kodi ya chumba.

Zamu za saa 12 zinalipwaje?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na wengi hawajui kama zimepotea.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Ukigawa 500,000 kwa saa hizo za mwezi mzima, saa moja ni takriban shilingi 2,564. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, kama 3,846, na kazi ya siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu hulipwa mara mbili. Saa za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne. Anayefanya kazi saa 12 kwa siku sita za wiki ana saa 72, hivyo 27 zimezidi kila wiki, na kwa wiki nne ni 108. Amepita kikomo zaidi ya mara mbili, na kama halipwi ziada anaitoa bure kazi yenye thamani ya zaidi ya laki nne.

Ipo rosta halali. Sheria inaruhusu makubaliano ya maandishi ya kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku bila ziada, mradi siku zisizidi tano na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Mikataba ya pamoja pia inaweza kuweka wastani wa saa kwa kipindi kirefu, na ndiyo maana mgodini watu hukaa kazini siku mfululizo kisha wakapumzika siku mfululizo. Anayesaini rosta asome kipengele hicho kabla ya kuangalia tarakimu ya mshahara.

Kuhusu usiku, nyongeza ya kisheria ni asilimia 5 kwa kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kwa mtu wa laki tano ni shilingi 128 kwa saa, na usiku mzima haufiki 1,300. Ni kidogo mno kwa mwili unaokesha chini ya ardhi.

Posho nyingi ni jambo jema?

Kwa mwezi huu, ndiyo. Ila saa za ziada, nyongeza ya usiku na kiinua mgongo cha kuachishwa kazi vyote hukokotolewa kwa mshahara wa msingi. Mkataba wenye msingi mdogo na posho nono unapendeza kwenye slipu na kunyauka siku ya kuagana. Wanaoajiriwa na wakandarasi walioingia ndani ya uzio wa mgodi wakague hili zaidi, kwa sababu mkataba wao ni wa mkandarasi, na masharti mazuri ya kampuni yenye mgodi hayawafikii moja kwa moja.

Na wale wa duarani, yaani kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, wanaolipwa kwa mifuko ya mawe?

Wengi wao hawana mshahara kabisa. Mgao uliozoeleka sehemu nyingi za Geita na Shinyanga humpa mwenye leseni asilimia 30 ya mawe, mwenye duara 40, na wachimbaji 30, ingawa kila eneo lina mapatano yake. Mifuko 100 ikitoka, 30 ni ya wachimbaji. Wakiwa kumi, kila mmoja ana mitatu. Thamani yake haijulikani hadi mawe yapite karasha, mashine ya kuyasaga, na kuoshwa, na gharama hiyo nayo inamsubiri. Kuna watu walionunua viwanja kwa duara moja. Wapo pia waliochimba miezi mingi kwa chakula tu.

Tangu soko la kwanza la madini lifunguliwe Geita, Machi 2019, mchimbaji anaweza kujua bei halali ya gramu yake. Bei ya dunia ilivuka dola 4,000 kwa wakia mwaka 2025, na wakia ni gramu 31.1. Hata hivyo bei kubwa haimpi mwenye mifuko mitatu NSSF, wala likizo ya siku 28. Duara likititia, familia yake haina mlango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mfuko ambao mwajiri rasmi huchangia bila kumkata mfanyakazi hata senti.

Ulaya mshahara mzuri hupimwaje?

Ujerumani huhesabu kwa saa: kuanzia Januari 2026 kima cha chini ni euro 13.90. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2022 linazitaka nchi zenye kima cha chini zikipime kwa vigezo, kwa mfano asilimia 60 ya mshahara wa katikati, yaani ule ambao nusu ya wafanyakazi wanapata zaidi yake na nusu pungufu. Kipimo cha namna hiyo kingefaa sana Geita.

Uswidi haina kima cha chini cha kisheria, na wachimbaji wake wa chuma huko Kiruna hupangiwa mshahara kwa makubaliano ya chama cha wafanyakazi na waajiri. Desemba 1969 waligoma dhidi ya kampuni ya serikali, LKAB, kwa siku 57. Dai lao mojawapo kubwa lingeeleweka vizuri kwenye maduara ya Rwamagasa, Geita: waache kulipwa kwa kiasi walichotoa, walipwe mshahara wa mwezi.

Huku, njia ya karibu na hiyo ni mkataba wa hali bora, yaani mkataba wa pamoja. Chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi mahali pa kazi, kiwe TAMICO au NUMET, vyama vya wafanyakazi wa migodini, kina haki ya kutambuliwa na kujadiliana na mwajiri.

Mgodi ukifungwa?

Buzwagi, pembeni mwa mji wa Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuusitisha 2021. Bulyanhulu, uliofunguliwa 2001, ulipunguza shughuli mwaka 2017 baada ya serikali kuzuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, na ajira nyingi zikaondoka hadi kazi iliporejea chini ya Twiga, ubia wa Barrick na serikali. Aliyekuwa na mkopo wa benki wa miaka mitano aliingia katika miaka hiyo na deni lililozidi umri wa kazi.

Anayepunguzwa baada ya kutimiza angalau mwaka mmoja anastahili siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, hadi miaka kumi, pamoja na notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi na malipo ya likizo ambayo hajaenda. Akiona ameachishwa isivyo halali, ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Madai mengine, kama saa za ziada ambazo hazikulipwa, yana siku 60. Aende na mkataba, slipu zote za mshahara na nakala ya rosta.