Somo la Ufundi: Kupima Kihisio cha Theluji

Katika nchi za baridi mabomba ya maji moto hufukiwa ndani ya zege ili kuyeyusha theluji. Mji wa Holland, Michigan, Marekani, uliyaweka chini ya barabara zake mwaka 1988. Kinachoamuru joto lipite ni kihisio kilichozamishwa sawasawa na uso wa zege. Hupima joto na unyevu. Kikidanganya, mpakiaji anateleza na gunia begani.

Kwanza zima umeme, kisha fungua nyaya za kihisio. Pima nyaya za joto kwa mita ya omu. Aina nyingi husoma omu 10,000 kwenye nyuzi 25 za Sentigredi, na karibu 32,600 kwenye nyuzi 0. Ndiyo, baridi ikizidi namba hupanda! Linganisha na kipimajoto kilicholazwa juu ya zege. Mita isiposoma kitu, waya umekatika. Ikisoma sifuri, nyaya zimegusana.

Sasa unyevu. Safisha uso wa kihisio, maana chumvi na grisi husema uongo. Kikiwa kikavu mita isisome kitu. Mwagia maji kidogo, namba ishuke. Isiposhuka, kihisio kibadilishwe kabla theluji haijaanza, na namba zote ziandikwe kwenye daftari la kamati ya usalama.